Kiingilio kipya cha Louvre: tunabishania euro 10, siku yenyewe tumeisahau

Tangu Januari 14, 2026, mtu asiye raia wala mkazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya akitaka kuingia katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, hulipa euro 32. Mzungu aliye nyuma yake kwenye foleni, mwenye pasipoti ya Ujerumani au Ureno, hulipa 22. Tofauti hiyo imezua maneno mengi. Wapo wanaoiita ubaguzi wa wazi, na wapo wanaosema ni haki ya mlipakodi wa Kifaransa kupunguziwa mzigo. Nimezifuatilia hoja za pande zote mbili na naona zimekwama palepale, kwenye euro 10. Mtu aliyekwisha kulipa euro 90 za viza ya Schengen na nauli ya ndege hatarudi nyumbani kwa ajili ya hizo. Kinachonisumbua ni kingine: bei hii, pamoja na mradi mkubwa unaokwenda nayo, inamchukulia mgeni kama mtu wa kuja mara moja, kupita mbio, kupiga picha na kuondoka. Hiyo ndiyo namna mbaya kuliko zote ya kutembelea jumba la sanaa, na sasa inawekewa bei kana kwamba ndiyo namna pekee.

Louvre ilianza kama ngome, ikawa kasri la wafalme, na Agosti 10, 1793, Mapinduzi ya Ufaransa yakiwa yamepamba moto, ikafunguliwa kwa umma. Piramidi ya kioo iliyobuniwa na I. M. Pei, ambayo leo ndiyo mlango mkuu, ilifunguliwa mwaka 1989 kwa makadirio ya wageni milioni 4 hivi kwa mwaka. Mwaka 2018 waliingia zaidi ya milioni 10. Mwaka 2024 waliingia milioni 8.7, ingawa tayari jumba lilikuwa limeweka ukomo wa watu 30,000 kwa siku. Januari 2025 magazeti ya Paris yalichapisha waraka ambao Laurence des Cars, alipokuwa akiliongoza jumba hilo, alimwandikia Waziri wa Utamaduni. Alieleza maji yanayopenya kwenye majengo, joto linalopanda na kushuka hadi kuhatarisha kazi za sanaa, na ziara ambayo kwa mgeni imekuwa adhabu ya mwili, kwa kuwa hakuna pa kupumzika na vyoo na sehemu za kula hazitoshi. Siku chache baadaye Rais Emmanuel Macron alisimama mbele ya Mona Lisa akatangaza mradi uliokadiriwa wakati huo kugharimu euro milioni 700 hadi 800. Utaleta mlango mpya upande wa mashariki ifikapo 2031, na chumba maalumu cha Mona Lisa chini ya ua wa jumba, chenye tiketi yake. Kiingilio kikubwa kwa wasio Wazungu wa Ulaya kilitajwa katika hotuba hiyohiyo. Kisha Oktoba 19, 2025, wezi wakapanda kwa ngazi ya lori, wakavunja dirisha la ukumbi wa Apollo na kutoweka na vito 8 vya kifalme vyenye thamani ya euro milioni 88. Walitumia dakika zisizofika 8. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kudai kwamba Louvre haihitaji fedha.

Lakini historia ya mlango wa Louvre ina jambo ambalo sijaona likitajwa kwenye mabishano haya. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, umma wa kawaida uliruhusiwa kuingia Jumapili. Siku nyingine za wiki zilitengewa wachoraji waliokuja kunakili kazi za mabingwa waliowatangulia, na pia wageni kutoka nje ya Ufaransa. Mgeni alionyesha pasipoti mlangoni, akaingia. Waliotunga utaratibu ule walifikiri kwa namna rahisi: mgeni hana Jumapili nyingi za kusubiri, basi apewe siku zaidi ya mwenyeji. Hakulipa kitu, na wala mwenyeji hakulipa, kwa kuwa kiingilio chenyewe kilianza mwaka 1922. Leo pasipoti ileile inatolewa mlangoni ili kuthibitisha nani alipe zaidi. Silitaji hili ili kumfanya mtu aone aibu. Nyakati zimebadilika; wageni wa zama zile walikuwa wachache na wengi wao walikuwa matajiri. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba jumba lilikwisha kujua, tangu zamani, kwamba mahitaji ya mgeni yanapimwa kwa muda.

Watetezi wa bei mpya wana hoja nzito na sitaki kuzipuuza. Ya kwanza ni kwamba Serikali ya Ufaransa huchangia bajeti ya Louvre kutoka kwenye kodi, kwa hiyo Mfaransa ameshalipa kabla hajafika mlangoni, wakati zaidi ya theluthi mbili ya wanaoingia wanatoka nje. Ya pili ni kwamba utaratibu huu si mgeni duniani. Taj Mahal hutoza mtalii wa kigeni mara nyingi zaidi ya Mhindi, na piramidi za Giza zina bei mbili. Hifadhi za wanyama za Afrika Mashariki nazo zina bei ya raia na bei ya mgeni, na sisi wa huku hatujawahi kuona kosa. Mtu anayetetea bei mbili Serengeti na kuzilaani Paris ana deni la kueleza tofauti iko wapi. Ipo tofauti moja, ya kipato: bei mbili huku zinamlinda mwananchi wa kipato cha chini asifungiwe nje ya mali yake, wakati Paris zinamlinda Mzungu wa Ulaya mwenye kipato kikubwa kuliko wengi wa wale wanaotozwa zaidi. Hata hivyo Mmarekani na Mjapani nao wanalipa 32, kwa hiyo tofauti hiyo haitoshi kuivunja hoja. Kinachoipunguza nguvu ni kauli ya Macron mwenyewe, kwamba mlango mpya utagharimiwa na mapato ya jumba, wafadhili na leseni ya Louvre Abu Dhabi (jumba la huko linalolipia kutumia jina la Louvre), bila kumtwisha mlipakodi. Kama ndivyo, huwezi tena kumtoza mgeni kwa jina la mlipakodi.

Wapingaji nao wana hoja nzito: vilivyomo Louvre havikutoka Ufaransa peke yake. Picha kubwa kuliko zote mle ndani, Harusi ya Kana ya Paolo Veronese, yenye urefu wa karibu mita 7 na upana wa karibu mita 10, ilichorwa kwa ajili ya bwalo la watawa wa San Giorgio Maggiore, Venice. Jeshi la Napoleon liliichukua mwaka 1797, ikakatwa vipande ili isafirishike, na Napoleon alipoanguka haikurudishwa. Venice ikapewa picha ya Charles Le Brun badala yake. Kuna hazina za Misri, Mesopotamia na Uajemi, na tangu mwaka 2000 kuna sanamu za Afrika, Oceania na Amerika zilizowekwa upande wa Pavillon des Sessions. Kumtoza Mmisri zaidi ili aone kilichotoka Misri kunakera, na ninaelewa hasira hiyo. Ila hoja ikisukumwa hadi mwisho inazungumzia umiliki na urejeshaji, na jambo hilo halitatatuliwa dirishani pa tiketi. Anayedai sanamu irudi kwao hataridhika kwa kupunguziwa euro 10. Vyama vya wafanyakazi wa jumba vimeongeza hoja ya kiutendaji, kwamba walinzi wa kumbi sasa watageuka wakaguzi wa vitambulisho, na hiyo ni kweli tupu.

Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayorudiwa sana na watu wenye nia njema, kwamba bei kubwa itapunguza msongamano na hivyo kuboresha ziara ya kila mtu. Januari 2024 Louvre ilipandisha kiingilio kutoka euro 17 hadi 22, ongezeko la karibu asilimia 30. Mwaka uliotangulia wageni walikuwa milioni 8.9, mwaka huo wakawa milioni 8.7, na huenda hata upungufu huo mdogo ulitokana na Michezo ya Olimpiki iliyovuruga safari za Paris kiangazi kizima. Mtu anayekwenda Paris mara moja maishani haachi Louvre kwa sababu ya bei. Anafanya jambo jingine: analipa, kisha anataka thamani ya fedha yake. Naye thamani anaihesabu kwa idadi ya vitu alivyoviona. Kadiri bei inavyopanda ndivyo anavyokuwa na haraka zaidi, anavyopita kumbi nyingi zaidi, na anavyozidi kuhakikisha kwamba hakosi kile ambacho kila mtu nyumbani atamuuliza. Kwa hiyo bei haiwatawanyi watu. Inawarundika mbele ya picha ileile, wakiwa wamechoka zaidi. Juni 2025 wafanyakazi waligoma ghafla kwa sababu ya umati huo, maelfu ya watu wakabaki nje ya piramidi juani. Umati ule ulikuwa umeshalipia ongezeko la kwanza.

Tufanye hesabu kidogo. Louvre ina vitu vipatavyo 35,000 vilivyowekwa hadharani. Utafiti wa Jeffrey na Lisa Smith uliochapishwa mwaka 2001, uliofanyika katika jumba la Metropolitan la New York, ulipima muda ambao mtu husimama mbele ya kazi mashuhuri. Wastani ulikuwa sekunde 27, na nusu ya watu walitumia sekunde 17 au pungufu. Chukua huo wastani, ambao ni mfupi mno, uuzidishe kwa 35,000. Unapata saa 262, yaani takribani mwezi mzima wa kutembea kuanzia mlango unapofunguliwa asubuhi hadi unapofungwa jioni, bila kula, bila kukaa, bila kurudi kuangalia chochote mara ya pili. Hakuna anayefanya hivyo, bila shaka. Lakini tiketi ya siku moja inampa mtu jengo lote na kumwachia hisia kwamba amepungukiwa iwapo hakulizunguka. Baada ya saa mbili miguu inauma, macho yanapita juu ya fremu bila kuona, na kila picha ya Bikira Maria inafanana na mwenzake. Waliowahi kuzunguka jumba kubwa la sanaa wanaifahamu hali hiyo, na wengi hujilaumu kwamba hawana jicho la sanaa. Jicho wanalo; wamelichosha tu.

Athari zake zinaonekana vizuri zaidi katika Salle des États, ukumbi wa Mona Lisa. Picha ya Leonardo da Vinci ina kimo cha sentimita 77 na upana wa sentimita 53, imechorwa juu ya ubao wa mpopla, na iko nyuma ya kioo kinene. Jumba linakadiria kwamba watu wapatao 20,000 hupita mbele yake kila siku. Wanaelekezwa kwa kamba kwenye foleni, wananyanyua simu, wanaombwa wasogee. Ukutani mkabala nayo ndipo ilipo Harusi ya Kana, ikiwa na watu zaidi ya mia moja kwenye karamu, wapiga muziki katikati, mtumishi anayemimina divai iliyokuwa maji dakika moja iliyopita, mbwa, paka, na Kristo ametulia kimya katikati ya zogo lote. Nilipokuwa mle niliugeuzia umati mgongo nikaitazama Veronese, na nafasi niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa ajabu, kwa sababu maelfu ya watu walikuwa wameipa kisogo. Pembeni kulikuwa na kazi za Titian, naye pia hakuwa na mtazamaji. Si kwamba watu wale ni wajinga. Walikuwa na siku moja, na mtu mwenye siku moja huenda kwenye kitu anachokijua tayari.

Kwa sababu hiyo nakubali sehemu moja ya mradi wa Macron ambayo wachambuzi wengi wameilaani. Kumhamishia Mona Lisa chumba chake kutawarudishia wachoraji wa Venice, Veronese na Titian, ukumbi wao. Wanaosema ni kuigeuza picha kuwa madhabahu wamechelewa. Picha hiyo imekuwa madhabahu tangu Agosti 1911, Vincenzo Peruggia alipoiiba akaificha kwa zaidi ya miaka miwili, na watu wakapanga foleni Louvre kuangalia nafasi tupu ukutani. Kuitenganisha ni kukubali hali ilivyo. Ninachokiogopa ni tiketi ya pekee, na nitaifikia.

Kwanza twende London, kwa kuwa huko kuna kisa kinachonisaidia kueleza ninachokitaka. National Gallery ilianzishwa mwaka 1824, Bunge lilipotoa pauni 57,000 kununua picha 38 za mfanyabiashara John Julius Angerstein. Mwaka 1838 ilihamia Trafalgar Square, mahali palipochaguliwa kwa makusudi ili tajiri wa magharibi ya jiji na maskini wa mashariki wote wafike kwa urahisi. Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia, picha zote zilihamishwa, na hatimaye zikafichwa ndani ya machimbo ya mawe ya Manod huko Wales. Kumbi zikabaki tupu, mabomu yakiangukia jiji. Mpiga piano Myra Hess akaanzisha humo matamasha ya mchana kuanzia Oktoba 1939. Mwanzoni mwa 1942 jumba lilionyesha picha moja ya Rembrandt lililokuwa limeinunua karibuni, na msomaji mmoja akaliandikia gazeti la The Times akiomba wakazi wa London, ambao uso wa jiji lao ulikuwa umejaa makovu, waruhusiwe kuona vitu vizuri zaidi. Mkurugenzi Kenneth Clark akakubali kurudisha picha moja tu kila mwezi. Ya kwanza ilikuwa Noli me Tangere ya Titian. Watu walikuja kwa maelfu, wakasimama mbele ya picha moja iliyokuwa ukutani peke yake, wakarudi kazini. Usiku picha hiyo ilishushwa ghala la chini ili bomu lisiifikie.

Ule ulikuwa umaskini mkubwa kwa jumba lililozoea kuonyesha mamia ya picha, lakini nadhani hakuna kizazi cha wakazi wa London kilichozitazama picha zao vizuri kuliko kile. Hawakuwa na cha kukimbilia. Waliingia bure, waliijua njia, na mwezi uliofuata wangekuja tena. Mambo hayo matatu ndiyo humfanya mtu aone. Kuingia bure ndiko kunakotajwa sana, lakini kwangu hilo la mwisho ndilo kubwa. National Gallery haitozi kiingilio hadi leo, na faida yake hainihusu sana kama suala la fedha. Mtu anaweza kuingia akikimbia mvua, akatazama picha moja ya Bellini kwa robo saa, akatoka bila kuona kwamba amepoteza kitu. Mtu atajibu kwamba Uingereza nayo inaugulia gharama hizo, kwamba serikali hukata ruzuku, na kwamba London nako kuna misongamano. Yote ni kweli. Sidai Louvre ifungue mlango bure kwa watu milioni 9. Ninadai kwamba kurudi kunaweza kuuzwa pia, kwa bei yoyote ile, na tiketi ya Louvre haimpi mgeni nafasi hiyo.

Florence imejaribu jambo la karibu na hilo. Mwaka 1737 Anna Maria Luisa de' Medici, wa mwisho katika ukoo wake, aliweka mkataba kwamba hazina za sanaa za familia zisiondoke mjini kamwe. Alitaja sababu tatu: ziwe pambo la dola, zinufaishe umma, na zivute shauku ya wageni. Ndiyo maana jumba la Uffizi la huko bado lina picha za Botticelli. Mwanamke yule alielewa mapema sana kile ambacho wahenga wetu walikisema kwa maneno machache: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alitajwa ndani ya mkataba wenyewe, pamoja na raia, kama mtu ambaye hazina zile zilikuwepo kwa ajili yake. Leo Uffizi inauza, pamoja na tiketi ya kawaida, tiketi ya siku 5 inayomruhusu mtu kuingia Uffizi, kasri la Pitti na bustani za Boboli. Mtalii aliyeko Florence kwa siku nne anaweza kumtazama Botticelli asubuhi moja na kwenda Pitti asubuhi nyingine, na mchana akalala. Huko Madrid, jumba la Prado hufungua bure saa mbili za mwisho za siku. Foleni ni ndefu, lakini aliyekwisha kulipa Jumatatu anaweza kurudi Jumanne kuisalimia Las Meninas, picha ya Velázquez, bila kufungua pochi.

Hapa ndipo euro 32 zinapopata maana. Jumba lilitarajia bei hiyo ingeleta kati ya euro milioni 15 na 20 kwa mwaka. Kwa mradi wa milioni 700 na zaidi, mapato hayo peke yake yangehitaji miaka 35 hata yakifika kiwango cha juu. Kwa maneno mengine, bei hii haijengi Louvre mpya, inachangia. Na kama ni mchango, Louvre ingeweza kumpa mgeni kitu badala yake bila kuathirika: tiketi ya siku tatu kwa euro hizohizo 32, kwa asiye Mzungu wa Ulaya, aingie kwa saa atakazo, hasa Jumatano na Ijumaa jumba linapokaa wazi hadi saa tatu usiku na kumbi nyingi kupwaya. Najua ukomo wa watu 30,000 kwa siku unaleta ugumu, kwa kuwa kila anayerudi anachukua nafasi ya mwingine. Lakini anayerudi jioni kuangalia sanamu za Ugiriki kwa saa moja haleti mzigo sawa na anayeshinda humo mchana kutwa akitafuta choo. Mfumo wa kuweka miadi ya saa upo tayari. Jambo hilo halihitaji tofali hata moja, wala kusubiri 2031.

Uamuzi ambao tungepaswa kuufuatilia kwa karibu, basi, ni ule wa tiketi ya Mona Lisa. Macron alisema chumba hicho kitafikika bila kupitia sehemu nyingine za jumba. Kama tiketi yake itauzwa peke yake, maelfu ya wageni watashuka kutoka kwenye mabasi, watashuka chini ya ua, watapiga picha moja na kuondoka wakiwa wamefika Louvre bila kuingia Louvre, na wahasibu wataona hiyo ndiyo biashara nzuri kuliko zote. Mahakama ya Ukaguzi wa Hesabu ya Ufaransa ilikwisha kuonya wiki chache baada ya wizi kwamba jumba hilo kwa miaka mingi limependelea vinavyoonekana na kuvutia, likaacha ulinzi na matengenezo nyuma. Chumba kimoja kinachoingiza fedha kuliko kumbi nyingine zote kwa pamoja kitaukuza upendeleo huo. Kama tiketi hiyo itaambatanishwa na siku nyingine ya kurudi na kuingia kwenye kumbi nyingine, hata kwa saa mbili tu, baadhi yao watarudi. Hawatakuwa wengi. Ila wataingia wakiwa hawana tena picha ya kuwahi, na Salle des États itakuwa na nafasi ya kusimama.